Kwa Maneno Yako Mwenyewe

Chuo kilikuwa na Kituo cha Msaada kwa Wanafunzi, tena kizuri, chenye zulia la bluu na mashine ya maji ya baridi. Kilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa na karatasi ya "matengenezo" iliyobandikwa enzi za mkuu wa chuo aliyepita, na huko huko juu ndiko lilikowekwa dawati la wanafunzi wasioweza kupanda ngazi. Aliyepanga hivyo alikuwa msomi, usimlaumu. Ili kumwona mnasihi ulihitaji miadi, miadi ilihitaji fomu, na fomu ilikuwa kwa mnasihi. Kijitabu cha rangi walichogawiwa wanafunzi wapya kilisema mlango uko wazi kwa kila mmoja, na kusema haki ulikuwa wazi, ila ndani hamkuwa na mtu.

Kwa hiyo wanafunzi walikwenda dirisha la tatu.

Dirisha hilo lilikuwa chini kabisa, kwenye jengo la udahili. Nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia karatasi alikaa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na tisa, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kuanzia mlinzi wa geti hadi makamu mkuu wa chuo, wote walimwita Mama Dirisha. Barua yake ya ajira ilisema kazi yake ni kupokea fomu, kugonga muhuri na kutoa risiti. Barua hiyo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto wa mwaka wa kwanza akilia kwenye foleni.

"Mama, nimeambiwa nikachukue fomu ghorofa ya nne."

"Umepanda?"

"Nimepanda."

"Umemkuta nani?"

"Zulia."

"Haya, sogea hapa usiwazibie wenzako. Unasoma nini, na umekwama wapi?"

Alijua kila kitu. Alijua kwamba aliyeshindwa hisabati mwaka wa kwanza anaweza kuhamia ualimu bila kupoteza mwaka, ilimradi aombe kabla ya wiki ya sita, na kwamba wiki ya sita kwa hesabu za chuo huanza Alhamisi. Alijua kuna ufadhili wa marehemu fulani kwa wanafunzi wa jiolojia wenye watoto wachanga, ambao kwa miaka kumi na moja uliombwa na watu wawili, mmoja wao hana mtoto. Alijua darasa la ziada la uandishi liko Jumatano na mwalimu wake ni mpole, na kwamba kompyuta za kuazimwa zimefungiwa kabati la maktaba chini ya ngazi, na hazitangazwi kwa sababu zikitangazwa zitaazimwa.

Lakini umaarufu wake haukutokana na hayo. Ulitokana na sehemu ya nane.

Kila fomu ya chuo kile, iwe ya kuomba programu, ufadhili au chumba bwenini, ilikuwa na sehemu ya nane, na sehemu ya nane ilikuwa na ukurasa mtupu wenye maagizo juu: "Eleza, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini unastahili nafasi hii." Hapo ndipo watoto walipokufa maji. Msichana mmoja, miaka ishirini na miwili iliyopita, wiki ya kwanza ya Mama Dirisha dirishani, alikaa na ukurasa ule asubuhi nzima akaurudisha ukiwa na maneno matatu: "Kwa sababu naomba." Mama Dirisha aliusoma, akamtazama yule binti, akatoa penseli.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo barua zake aliziita mishono, na kwa miaka ile yote alikuwa nayo saba. Wa kwanza ulikuwa wa yatima. Wa pili ulikuwa wa kifungua mimba mwenye wadogo wengi. Ulikuwepo wa mwalimu aliyeniamini, na wa ugonjwa ulionifungua macho. Wa saba ulikuwa wa watoto wasio na shida yoyote duniani, na huo ndio uliomtoa jasho kuliko yote. Ila mfalme wa mishono ulikuwa wa tatu, wa kibatari. Mwombaji amesoma kwa mwanga wa kibatari, moshi unamuuma macho, na giza la nje si kitu mbele ya giza la ujinga. Mshono wa tatu haukuwahi kukataliwa. Ukiamini mafaili ya chuo, nusu ya wataalamu wa nchi wamesoma kwa kibatari, wakiwemo watatu ambao baba zao walikuwa wahandisi wa umeme.

Hakudanganya, kwa jinsi alivyoona yeye. Mtoto alieleza na yeye akashona. Kama kitambaa kilikuwa kifupi alikivuta. Hakuchukua hata soda ya mtu. Mwisho wa kila fomu kulikuwa na mstari unaosema "Nathibitisha kuwa nimeandika mwenyewe," na mtoto aliweka sahihi pale kwa sababu kweli aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, akinakili alichoandikiwa.

Na alikuwa fundi makini. Kila barua aliiandika kwanza kwa penseli kwenye daftari gumu. Pembeni aliweka jina la utani la mwanafunzi, kitu alichoomba, namba ya mshono, na ukweli wenyewe kwa ufupi, usije ukapotea. Daftari lilikuwa la kikazi. Kamati ya udahili ilikaa mara tatu kwa mwaka, naye alihakikisha kikao kimoja hakikutani na mshono uleule mara mbili. Kikao kinachofuata ruksa. Wanakamati hubadilika, na wasiobadilika husahau. Kwa utaratibu huo alifikisha barua mia nne na ushei, na hakuna binadamu aliyeshtuka.

Sasa, mwaka huo chuo kikatangaza programu mpya: shahada ya jioni ya unasihi na ustawi wa wanafunzi, kwa wafanyakazi wenye uzoefu, umri uwe chini ya miaka hamsini siku masomo yanapoanza. Mama Dirisha aligonga muhuri kwenye matangazo arobaini kabla hajasoma alichokuwa anakigonga. Aliposoma, alikaa na muhuri mkononi mpaka mwanafunzi aliyekuwa mbele ya foleni akagonga kioo.

Alikuwa atimize hamsini wiki tatu baada ya masomo kuanza. Mwaka ule angepita, mwaka unaofuata asingepita.

Alitaka. Niseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu: alitaka hadi chakula kikawa hakipiti. Mtu amewaingiza watoto wa watu darasani miaka ishirini na miwili, halafu anaona aibu kusema na yeye anataka kuingia. Alichukua fomu kwa siri, kutoka kwenye droo yake mwenyewe, akajigongea muhuri wa kupokelewa, akajipa risiti.

Binti yake, muuzaji wa duka la dawa, aliikuta fomu juu ya meza nyumbani Jumapili mchana, akaisoma akiwa amesimama.

"Mama, hii sehemu ya nane."

"Ina nini?"

"Inaliza. Ila sikujua kama wewe ni huyu."

"Huyo ni mshono wa tatu na wa tano, nimeunganisha. Haujawahi kushindwa."

"Si ungeandika tu jinsi ilivyo?"

"Mwanangu, mimi na kamati ile tumekula chumvi pamoja. Naijua inachopenda." Akairudisha fomu kwenye bahasha.

Alichokuwa hajui ni kwamba kamati ilikuwa imepata msaidizi. Miezi miwili kabla, chuo kilinunua programu ya kompyuta ya kunasa wizi wa maandishi. Ilinunuliwa kwa ajili ya tasnifu, lakini fundi wa kompyuta, mtu mwenye bidii ambayo hakuna aliyemwomba, aliilisha na mafaili yote ya zamani ya udahili, tangu enzi za karatasi ya kaboni. Mashine haina habari na vikao. Kwake barua ya mwaka jana na ya miaka ishirini iliyopita zimekaa meza moja zinatazamana. Wenye barua za zamani walishahitimu wakaenda zao. Kikao hicho kilikuwa cha programu ya jioni tu, na mwombaji mpya aliyefanana nao alikuwa mmoja.

Mkuu wa udahili, bosi wake, alimwita ofisini Jumatatu na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na sura ya mtu anayetoa habari za msiba.

"Keti, mama. Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini, mzee?"

"Asilimia tisini na moja!" Akamsukumia karatasi. "Barua yako inafanana na za wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Mafaili yote yanapita mikononi mwako. Umekaa miaka yote hiyo unasoma barua za watoto, halafu umechota kwa kila mmoja kidogo kidogo. Umewaibia watoto, mama."

Kicheko kilimpanda Mama Dirisha hadi kooni, akakimeza. Kilipofika chini kikageuka kitu kingine. Mwizi hakuwahi kuitwa, hata kalamu ya ofisi hajawahi kwenda nayo nyumbani.

"Nitaeleza," akasema.

"Utaeleza mbele ya kamati, Ijumaa saa nne. Ukionekana umeiba, ombi linafutwa. Na mimi nitalazimika kukuhamisha dirishani. Sitaki, lakini nitalazimika."

Binti yake aliliona jambo hilo kuwa jepesi. "Si useme tu kwamba ni wewe uliyeziandika!"

"Nikisema, nimewavua nguo watoto wa watu. Kila mmoja ameweka sahihi kwamba ameandika mwenyewe."

"Na usiposema, mwizi ni wewe."

Alizunguka na hilo siku tatu. Alikosea risiti mbili, na mlinzi wa geti akamuuliza kama anaumwa. Siku ya Alhamisi akapata njia. Angepeleka madaftari, waone mwandiko wake na tarehe, basi. Ndani mlikuwa na majina ya utani tu, na jina la utani halimfungi mtu. Halafu angeomba wamhukumu kwa barua nyingine, mpya, isiyofanana na ya mtu.

Aliiandika saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha nyuma vinamowekwa viti vibovu. Alidhani itachukua dakika kumi, kama za wengine. Alikata mstari wa kwanza mara tano, maana kila alichokishika kilikuwa kimeshavaliwa. Akiandika "tangu nikiwa mdogo", alimwona kijana wa uhasibu wa mwaka ule wa mafuriko. Akiandika "moyo wa kujitolea", lilimjia kundi zima la wauguzi. Kiu ya elimu aliigawa yote, hakubakiza hata funda. Mwisho aliacha kutafuta maneno mazuri, akaandika jinsi mambo yalivyokuwa, akajaza ukurasa mmoja. Hakuisoma tena.

Ijumaa saa nne alipanda ghorofa ya pili akiwa na mkoba mmoja wa madaftari manne na bahasha moja ya barua. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kioo, chupa za maji, na feni yenye bawa moja lililopinda iliyotoa mlio kila ikimaliza mzunguko. Kamati ilikuwa ya watu watatu. Katikati alikaa Mwenyekiti, daktari wa fizikia. Kushoto kwake Mkutubi Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini kwa sababu ya kazi yake. Kulia alikuwa Profesa wa takwimu, aliyehamia chuoni pale miaka miwili iliyopita kutoka kwingine, mtu mwema, asiyemjua mtu, na anayeamini kwamba kila swali limeulizwa ili lijibiwe.

"Karibu, mama. Keti," akasema Mwenyekiti, macho kwenye karatasi.

Profesa hakupoteza muda. "Asilimia tisini na moja, watu mia nne na kumi na wawili. Katika taaluma yangu, mama, hiyo haitokei kwa bahati. Umenakili wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu mwenyewe, Profesa. Hizo zote nimeandika mimi. Nilikuwa nawaandikia watoto dirishani, wao wananakili."

Feni ikalia. Mkutubi alifungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa.

"Zote?" akauliza Profesa.

"Isipokuwa moja, ya binti mmoja mwaka ule wa mgomo. Huyo aliniruka, akanakili kwa mwenzake."

"Mama," akasema Mwenyekiti, "hayo ni maneno mazito sana. Pengine tusifike huko. Pengine ni mfanano tu wa lugha, unajua lugha yetu..."

"Ushahidi upo?" Profesa akamkatiza.

"Upo." Mama Dirisha akatoa madaftari, akayapanga mezani moja juu ya jingine.

"Nadhani si lazima tuyafungue," akasema Mwenyekiti haraka.

"Tusiyafungue kwa nini?" Profesa alishayavuta. Mtu wa takwimu akiona data ya miaka ishirini na miwili iliyoandikwa kwa mkono ni kama mwenye njaa aliyewekewa sinia. Akalifungua la kwanza katikati, kwa bahati mbaya pale hasa pasipofaa, akasoma kwa sauti:

"'Miwani. Fizikia, ufadhili wa mwaka wa kwanza. Mshono wa tatu. Ukweli: baba fundi bomba wa manispaa, umeme upo, redio ipo. Mtoto ana akili sana ila mvivu wa kuamka.'" Akacheka peke yake. "Halafu barua yenyewe sasa: 'Kwa miaka sita nilisoma kwa mwanga wa kibatari, moshi ukiniuma macho...' Lo! Kibatari na umeme upo! Huyu Miwani alipata?"

"Alipata," akasema Mama Dirisha kwa sauti ndogo.

"Na akamaliza?"

"Akamaliza. Amesoma sana, Profesa. Hadi ng'ambo."

Mwenyekiti alivua miwani yake, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

Wapo chuoni wanaosema mpaka leo kwamba Mama Dirisha aliyapeleka yale madaftari makusudi, kwamba ni mjanja wa kupindukia, kwamba alijua Profesa atafungua wapi. Uongo mtupu. Alitamani kuiruka ile meza akamnyang'anye. Alikuwa amejiandaa kwa watu watakaotazama mwandiko, hakujiandaa kwa mtu atakayesoma. Miwani alikuwa mtoto wake mpenzi, na sasa alikuwa amekaa mbele yake na mvi mbili tatu na jasho juu ya mdomo. Na kwenye daftari la pili, alijua vizuri, karibu na mwisho, kulikuwa na binti mmoja wa ukutubi aliyeitwa Kimya. Mshono wa yatima. Ukweli: wazazi wote wawili wapo, wazima, wanamsindikiza mpaka getini.

"Kibatari ni changu," akasema, ili aseme chochote Profesa aache kufunua. "Mimi ndiye niliyesoma hivyo, kwetu. Watoto walikuja hawana la kusema, nikawaazima."

"Mimi nimeridhika," akasema Mkutubi, kwa sauti kubwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia.

"Hatujafungua hata la pili," akasema Profesa.

"Nimeridhika tangu la kwanza."

"Iandikwe," akasema Mwenyekiti, na maneno yakamtoka mbio, "kwamba mwombaji amethibitisha pasipo shaka kuwa maandishi ni yake. Tuhuma imefutwa. Alama za barua yake zinabaki kama zilivyokuwa kabla ya mashine, nane na nusu. Amepata nafasi. Hongera sana, mama. Na hayo madaftari, nashauri uyahifadhi. Nyumbani. Mbali na unyevu."

Ilichukua dakika saba. Miaka thelathini ya kutaka, na dakika saba za kupewa.

Mama Dirisha alisimama, maana watu wote walionekana wanataka asimame. Alikuwa amepata. Alijua inabidi afurahi, na furaha ilikuwepo mahali fulani, ila haikufika. Mkononi alikuwa bado ameshika bahasha.

"Na hii?" akauliza.

"Hiyo ni nini?"

"Barua mpya. Niliiandika ili mnihukumu kwa hii. Haifanani na ya mtu."

"Hakuna haja tena, mama," akasema Mwenyekiti kwa upole. "Umeshapita."

"Najua nimepita. Naomba isomwe."

"Mama, nje kuna waombaji wengine."

"Mwanangu," akasema Mama Dirisha, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu alipopata udaktari. "Barua mia nne na kumi na mbili zimesomwa kwenye meza hii. Hii moja ndiyo yangu. Isomeni."

Mwenyekiti alimtazama sana, akaipokea, akaifungua, akasoma kwa sauti.

"'Nina miaka arobaini na tisa. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuja chuo hiki na vyeti kwenye bahasha. Dirisha lilikuwa limefungwa, watu wamekwenda kula. Lilipofunguliwa nikaambiwa nije kesho. Nilipokuja kesho nikaambiwa mwisho ulikuwa jana. Sikujua kama kuna mtu wa kumwambia. Nikaomba kazi ya kufagia, nikaipata siku hiyohiyo, fomu yake ilikuwa na ukurasa mmoja. Baadaye wakaniweka dirishani. Sina kiu ya elimu, ilikwisha zamani. Nilichonacho ni wivu. Nawaonea wivu watoto ninaowaingiza. Wanakaa humo ndani miaka mitatu minne, wanatoka wanasema maneno nisiyoyaelewa, na mimi sijawahi kuona mle ndani mna nini. Sijui kama nitaisaidia jamii. Nimeisaidia kiasi. Nataka nikae kwenye kiti, mtu mwingine asimame anieleze kitu nisichokijua, na mimi niruhusiwe kuuliza.'"

Mkutubi alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba na kutoa vitu visivyo leso. Profesa alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi zaidi.

"Malengo ya kitaaluma yako wapi?" akauliza.

"Hayapo."

"Mchango kwa jamii?"

"Umesikia nilivyosema."

Profesa alikuwa mtu mwema, nimeshasema, na asiyejua kusema uongo. "Umeshapita, mama, na mimi nakupongeza kwa moyo mweupe. Lakini ni vizuri ujue. Ingekuja hii peke yake, kwa vigezo tulivyonavyo, ningeipa nne kati ya kumi."

"Tano," akasema Mkutubi puani, machozi yakimtoka.

Wakamgeukia Mwenyekiti. Alikuwa anatazama kioo cha meza.

"Nne na nusu," akasema. "Samahani, mama. Vigezo ndivyo vilivyo."

"Najua," akasema Mama Dirisha. "Ndiyo maana sikumwandikia mtoto wa mtu hivi hata siku moja."

Lakini ilimuuma. Alijua watasema hivyo, angeweza kuwatajia alama kabla hawajazitaja, na bado ilimuuma kama vile hakujua.

Mwenyekiti alikohoa. Faili la mwanafunzi, akaeleza bila kumtazama, linapokea barua moja tu ya sehemu ya nane, na hilo faili litafuatana naye hadi ahitimu, wafadhili watalisoma, wakaguzi watalisoma. Wangeweka ipi? Akaziweka zote mbili mbele yake, ile ya kwanza yenye muhuri na hii ya ukurasa mmoja, kisha wote watatu wakasubiri.

Mama Dirisha alivaa miwani. Alikuwa ameshughulika na mafaili ya chuo kile miaka ishirini na miwili na alijua yanakula nini. Akavuta mashine ya kutoboa karatasi, akailinganisha ile ya kwanza pembe kwa pembe, akaitoboa, akaipachika kwenye faili lake na kulifunga. Ile nyingine akaikunja mara nne, akaitia mkobani pamoja na madaftari, moja ikabidi alivute taratibu chini ya kidole cha Profesa. Akawaaga, akashuka ngazi, akaenda kupanga foleni ya usajili kama mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza.